Mtoto Apewe Kitu Mkononi Kabla ya Picha Ubaoni

Wazazi wengi hudhani ya kuwa elimu ya maumbo ni kazi ya mwalimu peke yake, na ya kuwa yaanza siku ile mtoto anapofundishwa kuchora duara, mraba na pembetatu. Dhana hiyo si sahihi. Mtoto mchanga aliyeketishwa mkekani, akausukuma mpira wa matambara ukabingirika hadi ukutani, kisha akalisukuma sanduku la kiberiti likateleza kidogo na kusimama, amekwisha pata somo lake la kwanza. Hajui jina la umbo lolote, lakini ameona ya kuwa vitu havina tabia moja, na ya kuwa tabia ya kitu yatokana na umbo lake. Kazi iliyobaki ni ya watu wazima walio karibu naye: wamsaidie kuyatia maarifa hayo katika maneno, wala wasiyazime.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mshonaji akatapo kitambaa kilicho bapa ili kimkae mtu mwenye mabega na kifua, hutumia elimu hii. Seremala atiaye kabati katika pembe ya chumba, mwashi ajengaye tangi la maji, mwanamke apangaye nyanya katika sanduku ili zisipondeke njiani, wote huitumia. Asiyeweza kuona akilini jinsi kitu kinavyogeuka au kinavyofunguka hupata taabu katika kazi hizo, na hupata taabu pia darasani, atakapoulizwa habari za eneo na ujazo.

Katika Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 umeyaweka maumbo miongoni mwa mambo ya kufundishwa watoto wa madarasa ya awali, yaani watoto wa miaka minne na mitano. Hilo ni jema. Lakini limezaa hofu katika nyumba nyingi. Mzazi mwenye fedha hukimbilia dukani kununua vifaa vya plastiki vyenye rangi za kupendeza. Na mzazi asiye na fedha huona haya, akadhani ya kuwa mwanawe ameachwa nyuma kabla hata hajaanza safari. Yafaa mzazi huyo atulie na atazame jikoni mwake, maana vifaa anavyovitafuta vimo humo.

Kwanza ni lazima kupambanua mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Yako maumbo bapa, na yako maumbo yenye unene. Umbo bapa lina urefu na upana tu, kama kivuli kilicholala ukutani au mstari uliochorwa mchangani ukarudi ulipoanzia. Duara, mraba, mstatili na pembetatu ni maumbo ya namna hiyo. Umbo lenye unene hushikika mkononi, lina mbele na nyuma, juu na chini. Mpira ni tufe. Kopo la mafuta ya kupikia ni silinda. Kipande cha sukari guru kilichokatwa sawasawa pande zote ni mchemraba. Kawa la kufunikia chakula lina umbo la pia, na ile pia wanayoichezesha watoto kwa kamba ndiyo iliyolipa umbo hilo jina lake.

Watu wazima wengi huuita mpira “duara” na sanduku huliita “mraba”. Husema hivyo kwa haraka, wala hawana nia mbaya. Lakini mtoto huyachukua maneno hayo kama alivyoyasikia. Akifika darasani na kuambiwa ya kuwa duara ni ule mstari uliochorwa ubaoni, hushangaa, maana nyumbani duara ilikuwa ni kitu cha kupiga teke. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno; kinachopungua ni uangalifu wa wanaoyatumia. Yatosha kusema, “Mpira ni tufe, na kifuniko cha kopo kina uso wa duara.” Mtoto wa miaka minne aweza kulishika neno “tufe” kama alivyolishika neno “sufuria”, ikiwa atalisikia mara kwa mara na kitu chenyewe kikiwa mkononi mwake.

Habari ya kutanguliza kitu mbele ya picha si mpya. Alikuwako Mjerumani mmoja, jina lake Friedrich Froebel, aliyezaliwa mwaka 1782. Katika ujana wake alifanya kazi katika jumba la kuhifadhia mawe na madini mjini Berlin, akayachunguza mawe yaliyojijenga yenyewe kwa nyuso zilizonyooka na pembe zisizobadilika. Mwaka 1837 alianzisha mahali pa kulea na kufundishia watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na mwaka 1840 akapaita “bustani ya watoto”. Jina hilo likaenea duniani. Aliwatengenezea watoto vitu vya kuchezea kwa mpango maalumu. Kwanza aliwapa mipira laini ya sufu. Kisha aliwapa vitu vitatu vya mti: tufe, mchemraba, na silinda katikati yao, kwa kuwa silinda hubingirika kama tufe na husimama kama mchemraba. Baada ya hapo ndipo vilipofuata vibao bapa, kisha vijiti vya kuonyesha mistari. Alianza na kitu kizima, akashuka kwenda kwenye uso, na kutoka kwenye uso akaufikia mstari.

Si wote waliopendezwa na kazi yake. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani zake mwaka 1851. Froebel akafariki mwaka 1852, wala hakuiona siku marufuku hiyo ilipoondolewa, mwaka 1860. Juu ya kaburi lake, katika kijiji cha Schweina, pamesimamishwa mchemraba, juu yake silinda, na juu ya silinda tufe.

Mpango huo ulivuka bahari. Mwaka 1876 palikuwa na maonyesho makubwa mjini Philadelphia katika Marekani, na mwanamke mmoja akaviona huko vifaa vya Froebel, akamnunulia mwanawe. Mtoto huyo alikuwa Frank Lloyd Wright, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wachoraji wa majengo mashuhuri kabisa. Alipokuwa mzee alisimulia ya kuwa vile vipande vya mti vya utotoni havikumtoka vidoleni. Si kila mtoto achezeaye vipande vya mti atakuwa Wright. Lakini habari hiyo yaonyesha ya kuwa mkono una kumbukumbu yake.

Hasara ya kuanza na picha yaweza kuonekana katika mambo yaliyompata binti wa mwashi mmoja, mkaaji wa Nakuru. Binti huyo alikuwa na miaka sita. Mwalimu wake alichora sanduku ubaoni, akauliza lina nyuso ngapi. Binti akainua mkono, akasema, “Tatu.” Wenzake wakacheka, mwalimu akasema ya kuwa jibu ni sita, kisha somo likaendelea. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena. Mama yake alidhani ya kuwa anaumwa. Mwalimu alidhani ya kuwa ni mzito wa akili. Hakuna aliyemwuliza amezipataje tatu.

Baba yake alikuja kumwuliza jioni moja, alipomwona akichora sanduku lilelile chini kwa kijiti na kulifuta kwa mguu.

“Kuna nini, mama?”

“Baba, mwalimu asema ni sita. Mimi nimehesabu mara nyingi, naona tatu.”

Mwashi hakusema ya kuwa mwalimu amekosea, wala hakumwambia mtoto ya kuwa yeye ndiye aliyekosea. Alitwaa tofali, akaliweka juu ya kiti, akamwambia asimame mbele ya pembe yake. “Waona nyuso ngapi?” Binti akatazama, akajibu, “Tatu.” Baba akasema, “Nami nikisimama hapo naona tatu.” Kisha akampa kipande cha kaa, akamwambia, “Lishike, uligeuze upendavyo, na kila uso uuguse na uutie alama.” Binti akaligeuza tofali, akatia alama moja, ya pili, ya tatu, akalilaza upande wa pili, akatia ya nne, ya tano na ya sita, akatafuta mahali pasipo na alama, asipaone.

“Kumbe mwalimu alihesabu na zile za nyuma,” akasema.

“Alizihesabu,” baba akamjibu. “Lakini picha haina nyuma, mwanangu.”

Ni wazi basi ya kuwa jibu la mtoto lilikuwa jibu la kweli kwa swali alilolielewa. Picha ya sanduku huonyesha nyuso tatu tu, na mtu mzima huona sita kwa sababu ameyashika masanduku elfu maishani mwake. Mtoto ambaye hajapewa nafasi ya kushika na kugeuza hudaiwa mali ambayo hakukopeshwa. Akichekwa mara mbili au tatu, huacha kusema anachokiona, na mtoto wa namna hiyo ni vigumu kumfundisha, kwa kuwa mwalimu hana tena njia ya kujua anafikiri nini.

Sasa yafaa kutazama kazi ambazo mzazi yeyote aweza kuzifanya na mwanawe, pasipo kununua kitu.

Kazi ya kwanza ni kupanga vitu kwa tabia zao. Mtoto apewe chungwa, gololi, kopo, sanduku la kiberiti, kipande cha tofali na faneli. Aweke ubao ulioinama, ajaribu kila kimoja. Kipi hubingirika kila upande? Kipi huteleza tu? Kipi hubingirika kikilazwa na kukaa kimya kikisimamishwa? Faneli itamfurahisha zaidi, maana haiendi moja kwa moja kama kopo, bali huzunguka kwa kupinda, kwa sababu upande wake mmoja ni mpana na wa pili ni mwembamba. Mzazi asitangulie kusema. Amwache mtoto abashiri kwanza, kisha ajaribu, aone kama alivyobashiri ndivyo.

Kazi ya pili ni kutafuta maumbo bapa yaliyomo katika vitu vyenye unene. Atandaze unga kidogo, majivu au mchanga wenye unyevu juu ya sinia. Mtoto abonyeze kitako cha kopo, aone duara. Abonyeze sanduku la kiberiti kwa uso wake mpana, kisha kwa ubavu, kisha kwa ncha. Ataona mistatili mitatu isiyolingana, yote imetoka katika kitu kimoja. Halafu akalichovye kopo katika maji, alibingirishe mara moja juu ya sakafu kavu, atazame alama lililoiacha. Ni mstatili! Watoto hustaajabu kuona kitu cha mviringo kikiacha alama yenye pembe nne. Hapo ndipo wanapofahamu, bila kuhubiriwa, ya kuwa maumbo bapa ndiyo nyuso za maumbo yenye unene. Lakini tufe, hata likibonyezwa namna gani, huacha alama ya duara tu, kubwa au ndogo, kwa sababu halina uso bapa hata mmoja.

Kazi ya tatu ni kufungua na kukunja. Pakiti tupu ya majani ya chai ikatwe katika kingo zake kwa uangalifu, ilazwe mezani kama kitambaa. Mtoto ahesabu vipande, avipake rangi viwili viwili vinavyolingana, kisha airudishe pakiti kama ilivyokuwa. Karatasi anayofungiwa njugu na mchuuzi ni pia. Akiikunjua ataona ya kuwa ilikuwa bapa. Sambusa nayo huanza kwa manda iliyo bapa, ikakunjwa kuwa mfuko wa kutilia nyama, ikamalizika kwa pembe tatu. Mama apikapo sambusa huku mtoto akimtazama, humfundisha mambo ambayo wengine huyalipia karo.

Kazi ya nne imo katika neno lenyewe. Dukani watu hununua mche wa sabuni, na katika vitabu vya hesabu neno hilohilo, mche, ni jina la umbo ambalo likikatwa popote kwa kulikingama, uso unaotokea ni uleule. Mtoto atazame mche wa sabuni ukikatwa vipande: kipande cha mwanzo, cha kati na cha mwisho vyote vina uso mmoja. Kisha atazame karoti ikikatwa: maduara yake huzidi kuwa madogo kuelekea kwenye ncha. Mche wa sabuni ni mche; karoti inafanana zaidi na pia. Tofauti hiyo, ambayo wanafunzi wakubwa huihangaikia katika kutafuta ujazo, mtoto ameiona juu ya meza ya jikoni.

Kazi ya tano itawapendeza wazazi waliosoma katika miaka ya 1980, wanaoyakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa bure katika shule za msingi za Kenya mwaka 1979. Maziwa hayo yalitiwa katika pakiti za pembe tatu, ambazo asili yake ni Sweden, ambako Erik Wallenberg aliibuni pakiti ya namna hiyo mwaka 1944 katika kazi ya Ruben Rausing, mwanzilishi wa Tetra Pak. Yawezekana kuitengeneza nyumbani. Karatasi iviringishwe iwe bomba, igundishwe kwa uji wa unga. Mdomo mmoja ubanwe na kugundishwa. Mdomo wa pili nao ubanwe, lakini si kwa kulala sambamba na ule wa kwanza, bali kwa kuukingama. Bomba la mviringo litageuka papo hapo kuwa kitu chenye nyuso nne za pembetatu, pembe nne na kingo sita. Hilo ndilo umbo lenye nyuso chache kuliko yote yaliyofungwa kwa nyuso bapa tupu, kwa maana haiwezekani kufunga nafasi kwa nyuso tatu za namna hiyo.

Mtoto aliyekwisha kuzoea aweza kutengeneza mifupa ya maumbo kwa vijiti na vidonge vya udongo wa mfinyanzi. Mchemraba utamtaka vijiti kumi na viwili na vidonge vinane. Ataona ya kuwa mchemraba wa vijiti hulegea na kuanguka upande, lakini ule wa pembetatu nne husimama imara. Ndiyo sababu mafundi wa paa hutia mbao za mshazari. Na mtoto mkubwa zaidi aweza kuambiwa ajumlishe nyuso na pembe, kisha atoe kingo. Mchemraba una nyuso 6 na pembe 8, jumla 14. Ondoa kingo 12, hubaki 2. Pakiti ya maziwa ina nyuso 4 na pembe 4, jumla 8. Ondoa kingo 6, hubaki 2 vilevile. Kanuni hiyo iliandikwa na Leonhard Euler, mtaalamu wa hesabu kutoka Uswisi, mnamo mwaka 1750.

Katika maumbo bapa lipo kosa moja la watu wazima ambalo halina budi kutajwa. Pembetatu huchorwa daima ikiwa imekaa juu ya kitako, pande zote sawa, kama paa la nyumba. Mtoto aonapo pembetatu ndefu nyembamba, au iliyosimama juu ya ncha yake, hukataa kuwa ni pembetatu. Na mraba ukigeuzwa ukasimama juu ya pembe, huambiwa si mraba tena, ni tiara. Mwaka 1957 walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, waliandika juu ya jambo hili katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Walionyesha ya kuwa mwanafunzi hupita ngazi: kwanza hulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama atambuavyo uso wa shangazi yake, baadaye huanza kuzitazama sifa zake, yaani pande ngapi, pembe ngapi, zinalingana au hazilingani. Hawezi kurushwa ngazi kwa kukaririshwa.

Dawa yake ni rahisi. Mtoto aonyeshwe pembetatu nyingi zisizofanana, zilizogeuzwa kila upande, na vitu vingine ambavyo karibu ni pembetatu lakini sivyo, kama kipande chenye upande uliopinda. Kisha aulizwe, “Umejuaje?” Swali hilo lina faida kuliko majina kumi ya maumbo. Atakapojibu, “Kwa sababu ina pande tatu zilizonyooka na zimefungana,” amekwisha panda ngazi, hata kama alisita mara kumi kabla ya kusema.

Wazazi wasihimize majina kabla ya wakati. Mtoto wa miaka mitatu akisema ya kuwa kopo ni “kitu cha kubingirika”, amesema neno la maana; aambiwe, “Naam, nacho kinaitwa silinda,” basi. Asikaripiwe, wala asilinganishwe na mtoto wa jirani. Wala kazi hizi zisigawanywe, wavulana wakapewa nyundo na vijiti na wasichana wakaachiwa kuosha vyombo. Vyombo vyenyewe ni silinda, pia na nusu za tufe, na binti anayevipanga kabatini ili vikae vingi mahali padogo anafanya hesabu. Ni haki yake kuambiwa hivyo.

Nao walimu, ambao wengi wao wana watoto wengi katika chumba kimoja, wasivunjike moyo. Kila mtoto aweza kuagizwa aje na kitu kimoja kutoka nyumbani, kilichokwisha tumika na kuoshwa. Siku moja tu ya kukusanya hivyo yatosha kujaza pembe ya darasa. Na mtoto ajibupo jibu lisilotazamiwa, yafaa mwalimu amwulize amelipataje kabla ya kuliita kosa. Mara nyingi ataona ya kuwa mtoto alitazama vizuri, ila alisimama mahali pengine.

Hakuna nyumba maskini kiasi cha kukosa kopo, kiberiti, kipande cha sabuni na chungwa moja. Kinachohitajika ni robo saa ya mzazi, jioni, kabla ya taa kuzimwa. Mtoto akipewa kitu akakishika, akakigeuza na kukizungumza na mtu ampendaye, siku atakapoiona picha yake ubaoni atajua ya kuwa ina upande wa nyuma, hata kama haukuchorwa.